Nibaki na usukani wa tajiri, ninunue semi kwa mkopo, au Fuso kwa fedha yangu?

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi. Nina miaka 39, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Kwa miaka tisa nimeendesha semi ya kuajiriwa, njia yangu kubwa ikiwa Dar, Dodoma, Singida hadi Kahama. Kwa kuweka kidogo kidogo, na baada ya kuuza shamba langu la zabibu la Hombolo, nimefikisha shilingi milioni 46. Nataka kuacha kazi nijiendeshee gari langu mwenyewe.

Mbele yangu kuna njia mbili. Ya kwanza ni kichwa cha Scania kilichotumika pamoja na trela la ekseli tatu, vyote kwa milioni 110. Natanguliza milioni 40, na taasisi moja ya mikopo inanipa milioni 70 kwa miezi 24, riba ya flati asilimia 18 kwa mwaka, dhamana ikiwa hati ya nyumba yetu. Ya pili ni Fuso tandemu, yaani lori lenye ekseli mbili za nyuma, ya usajili wa namba C, bei milioni 38, nalipa taslimu.

Dalali wa mizigo ninayemfahamu Kibaigwa ananiambia nisipoteze muda na Fuso. Anasema semi ikishusha mahindi Dar na kupandisha saruji au bati, kila mzunguko unaingiza milioni 3.6, na kwa mwezi naweza kupiga mizunguko minane. Mke wangu hataki kabisa hati iguswe, na jambo hili limeanza kutuletea maneno ndani ya nyumba. Yeye anasema nibaki kwa tajiri. Mimi naona miaka inakwenda. Nifanyeje?

Dereva, Nkuhungu

JIBU

Ndugu yetu Dereva, tuanze na hesabu ya dalali, maana ndiyo inayokusukuma. Milioni 3.6 kwa mzunguko hatuibishii. Tani 30 kushuka kwa shilingi 50,000 kwa tani ni milioni 1.5, tani 30 kupanda kwa 70,000 ni milioni 2.1. Kosa liko kwenye neno "minane".

Hesabu siku, usihesabu kilomita. Kutoka Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, na wewe unajua gari lililobeba linafika ndani ya siku moja. Lakini kupakia Kibaigwa kunakula siku moja au mbili, kwa sababu mahindi ya tani 30 mara nyingi yanatoka kwa wafanyabiashara kadhaa na kila mmoja ana vibarua wake. Kushusha Dar, foleni ya ghala, siku moja au mbili. Kisha unasubiri mzigo wa kupanda, siku mbili ukiwa na bahati. Ukifika Dodoma unashusha. Mzunguko mmoja umekwisha kula siku sita au saba. Kwa mwezi hiyo ni mizunguko minne, na hapo bado hujaingia gereji. Ulipokuwa kwa tajiri, siku za kusubiri zilikuwa zake. Wewe ulilala chini ya trela ukiwa na posho yako. Sasa zinakuwa zako.

Hizi hapa gharama za mzunguko mmoja wa semi. Ni za mfano. Weka bei zako mwenyewe, na dizeli uibadilishe kila EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kilomita 960 pamoja na mizunguko ya ndani ya mji, kichwa cha zamani kikitembea kilomita mbili kwa lita, ni lita 480. Kwa 2,900 inakuwa 1,392,000. Matairi: semi ya ekseli sita ina matairi 22, tuseme laki tano moja, na yadumu kilomita 80,000, hapo umekula 132,000 hata kama hujanunua tairi leo. Oili na filta 45,000. Akiba ya matengenezo, shilingi 150 kwa kilomita, 144,000. Dalali pande zote mbili 200,000. Posho yako na ya utingo 150,000. Maegesho, kamba, kushona turubai na vinginevyo 60,000. Jumla ni 2,123,000, na kinachobaki ni 1,477,000.

Mara nne ni milioni 5.9. Toa bima kubwa, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na fungu la kodi, tuseme laki nane kwa mwezi. Toa mshahara wako laki sita, na usiuruke, kwa kuwa watoto hawali gari. Imebaki milioni 4.5. Rejesho lako ni hili: milioni 70, riba milioni 25.2, jumla 95.2, gawa kwa 24, unapata 3,967,000. Mkononi panabaki kama 541,000.

Mwezi ukipata mizunguko mitatu badala ya minne, umepungukiwa na 936,000. Mzunguko mmoja tu umekosekana: klachi, msiba, ghala limefungwa sikukuu. Ukikosa miwili, unaanza kukopa kwa watu ili ulipe mkopo.

Riba ya flati nayo ina ujanja ambao wakopaji wengi hawauoni. Unalipa riba juu ya milioni 70 zote mpaka mwezi wa mwisho, ingawa deni lenyewe limeshapungua. Ukiipima kwa salio linalopungua, asilimia 18 ya flati kwa miezi 24 inazidi asilimia 31 kwa mwaka. Ukienda benki nyingine ikakutajia asilimia 22 ya salio linalopungua, usikimbie ukidhani ni ghali. Hiyo ni nafuu.

Halafu kuna msimu. Mvua zetu za kanda ya kati ni za mkupuo mmoja, Desemba hadi Aprili. Nafaka inaanza kusogea kwa wingi kuanzia Mei, na ikifika mwanzoni mwa mwaka maghala ya Kibaigwa yanakuwa mepesi, huku njia za vijijini zikiwa tope. Taasisi ya mikopo haina masika. Yeyote anayekupigia hesabu ya miezi 12 kwa kutumia Julai amekupigia nusu ya hesabu.

Jambo jingine ni reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na mizigo ikafuata 2025. Mahindi ya magunia kutoka kwa wafanyabiashara kumi hayatahamia behewani kesho. Lakini makontena na mizigo mizito ya viwandani, ambayo ndiyo mzigo mzuri wa kupanda, ndiyo hasa reli inayoitaka. Kufunga deni la miaka miwili juu ya barabara inayokwenda sambamba na reli mpya, kwa maoni yetu, ni kujitakia shari. Upande wa pili, kinachoshushwa kwenye stesheni ya Ihumwa lazima kisambazwe kwa gari, na hizo ni safari fupi.

Kwa hiyo semi kwa mkopo huu, hapana. Na hati ya nyumba, mama watoto yuko sahihi. Gari ni mali inayochakaa kila kilomita. Usiiwekee dhamana kitu kisichochakaa. Mtoa mkopo akikubali gari lenyewe liwe dhamana pamoja na bima kubwa, hapo mnaweza kuzungumza. Akilikataa gari na kung'ang'ania nyumba, amekwambia bila kusema anavyolithamini gari hilo.

Sasa Fuso. Usifikirie kwamba tunakusifia. Ukiipeleka kwenye njia ileile ya Dar, itakuchosha: tani 15 zinaingiza milioni 1.8 kwa mzunguko, dizeli peke yake lita 300 hivi, yaani 870,000, na ukitoa matairi, dalali, posho na matengenezo unabaki na kama 460,000. Mizunguko mitano kwa mwezi ni milioni 2.3, bado mshahara wako na bima. Unaishi, lakini hukui. Barabara ya lami ndefu ni ya semi.

Chakula cha Fuso kiko pale semi isipofika. Kutoa mahindi na mtama kwenye vijiji vya Kongwa, Chemba na Kondoa hadi soko la Kibaigwa au maghala ya Kizota. Alizeti kupeleka kwenye viwanda vya kukamua Singida, na kurudi na vitunguu. Saruji, nondo na bati kutoka kwa wauzaji wa jumla hadi kwenye maeneo ya ujenzi Mtumba na Msalato. Huko bei inapangwa kwa gunia au kwa safari, unalipwa palepale, na usiku unalala kwako. Safari ya kilomita 80 ikikupa laki tatu inalipa kuliko ya kilomita 450 inayokupa laki saba na nusu na kukuacha Dar siku tatu unatafuta mzigo. Kasoro ya kazi hii ni springi. Njia za vijijini zinakata majani ya springi na senta bolti, kwa hiyo beba akiba ya vyote viwili na U-bolti zake, na ukaze U-bolti upya baada ya kilomita 500 za kwanza tangu fundi afungue. Wengi hawakazi, ndipo ekseli inapohama na matairi kuliwa upande.

Mizani unaijua kwa upande wa usukani. Ijue sasa kwa upande wa mfuko. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ilianza kutumika kwetu Machi 2019: ekseli ya steringi tani 8, ekseli moja ya matairi manne tani 10, ekseli mbili za nyuma pamoja tani 18, ekseli tatu za trela tani 24. Kwa hiyo Fuso tandemu isizidi tani 26 pamoja na uzito wake, na semi ya ekseli sita tani 50. Siku utakayonunua gari, lipime likiwa tupu na tangi limejaa. Namba hiyo iandike ndani ya mlango. Bodi nzito ya chuma inaweza kukunyang'anya tani nzima ya mzigo, na muuzaji hatakwambia.

Adui wa mizani katika nafaka ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Dalali anasema "gunia 150", wewe unapiga mara 100 na kupata tani 15. Magunia yakiwa ya kilo 115, umebeba tani 17 na kilo 250, na mizani ya Mikese au Vigwaza ndiyo itakayokwambia. Faini inaandikwa kwa gari, mwenye mahindi yuko kwake. Pima magunia matano bila kuchagua kabla ya kupakia, na andika kwenye makubaliano kwamba mzigo ni kwa kilo, na uzito ukizidi uliotajwa, mwenye mzigo anabeba faini na gharama ya kupunguza. Pia kumbuka jumla inaweza kuwa sawa na ekseli moja ikazidi, hasa vibarua wakirundika magunia upande mmoja wa bodi. Kupangua mzigo mizanini kunakugharimu vibarua na nusu siku.

Bei ya milioni 38 kwa mtu mwenye 46 ni kubwa mno. Si kwamba gari halistahili, hatujaliona. Ni kwamba utabaki na milioni 8, na humo utoe gharama za kuhamisha umiliki TRA, bima, leseni ya LATRA, turubai na kamba, na karibu kila gari la namba C linahitaji matairi manne na kitu fulani kwenye breki ndani ya mwezi wa kwanza. Tunataka baada ya hayo yote ubaki na milioni 8 nzima benki: tano za injini au giaboksi itakayokufa siku usiyoitaka, tatu za dizeli ya kuzungushia kazi. Hizo tatu usizidharau. Ukibeba mzigo wa kampuni, wengi wanalipa siku 30 hadi 60 baada ya kupokea hati yenye muhuri wa ghala, na wewe dizeli unanunua leo. Gari linasimama huku mmiliki akidai mamilioni. Ndivyo wengi wanavyoishia kuuza. Basi lenga gari lisilozidi milioni 33 au 34, au mshushe muuzaji huyu kwa kile utakachokikuta.

Na ili ukikute, nenda alfajiri, bila taarifa, gari likiwa baridi. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, wameiwasha makusudi ili isikusumbue kuwaka. Ikishawaka, moshi mweupe kidogo unaoisha ni kawaida. Wa bluu usioisha ni oili inaungua. Mweusi mzito ukikanyaga ni nozeli, pampu au hewa kidogo. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma: kikirukaruka na moshi ukasukuma kwa nguvu, ringi zimechoka, na hiyo ni ovahoo. Angalia rejeta kabla haijapata moto. Mapovu yasiyokoma ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ondoka.

Jaza hewa hadi geji isome baa 8, zima injini, kaa dakika tano bila kugusa breki. Sindano ikishuka sana kuna uvujaji, usikilize uko wapi. Kisha ingia chini na tochi. Pitisha kidole kwenye chesisi karibu na hanga za springi za nyuma, ndipo inapopasukia. Rangi mpya sehemu moja tu ya chesisi ina sababu. Inua mbele kwa jeki na utikise tairi juu na chini. Likicheza ni kinpini au beringi. Safari ya majaribio iwe na mzigo, na iwe na mlima: gia inayochomoka wakati wa kuachia mafuta, na difu inayolia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, havionekani gari likiwa tupu. Lipa fundi wako mwenyewe, na awe mtu ambaye muuzaji hamjui.

Karatasi zisikupite. Taka kadi halisi. Kama ina jina la benki pamoja na la mmiliki, gari lina deni na halihamishiki mpaka benki iandike. Linganisha namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na sehemu ya malipo, angalau milioni tatu, ibaki hadi umiliki utakapobadilika TRA. Bima, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, usiamini karatasi. Na ujue bima kubwa ni ya gari. Mzigo wa mtu una bima yake, ya mizigo safarini. Magunia yakiloa, bima ya gari haikuhusu.

Kodi tunaipita haraka: fungua TIN ya biashara, toa risiti ya EFD, weka daftari la kila safari. VAT ni kwa mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopo tangu Julai 2023. Fuso moja haifiki. Kwa hesabu ya dalali wako semi ingefika milioni 345, jambo ambalo hakulitaja.

Bado kuna njia ya tatu ambayo hukuiandika, na sisi ndiyo tunayoipenda. Kabla ya kununua chochote, chukua Fuso ya mtu kwa hesabu, yaani unampa mwenye gari kiasi mlichokubaliana na kinachobaki ni chako, msimu mmoja, Mei hadi Agosti. Mkataba uwe wa maandishi: hesabu kwa wiki, nani anabeba matairi, nani anabeba injini, gari likiwa gereji hesabu inasimama au haisimami. Unaijua barabara kuliko sisi, lakini mzigo ulikuwa unatafutiwa. Miezi hiyo minne itakuonyesha kama unaweza kupata mzigo wa kurudi bila dalali, ni wafanyabiashara gani wanalipa na wapi wanakupiga kalenda. Ukiwa umelipa hesabu zote na bado umeweka akiba, nunua. Ukiwa umelipa kwa kuchota kwenye milioni 46, umejua kwa gharama ndogo. Kama tajiri wako ni muungwana, muombe likizo bila malipo badala ya kuacha kazi moja kwa moja.

Kwa dalali wako rudi na maswali mawili. Mwambie akutajie kwa majina wenye mizigo watatu wa kupanda kutoka Dar mwezi Februari, na kila mmoja analipa baada ya siku ngapi. Kisha mwambie atangulize dizeli ya safari ya kwanza, umkate kwenye malipo.